Wadha na Bei ya Saa

Wenye maduka wa soko la Karak walipomwona Wadha kwa mbali walijitia wana kazi. Si kwamba alikuwa mkorofi, na hakuna aliyewahi kumdai. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kuuliza. Aliuliza bei ya jokofu asilokusudia kulinunua, kisha akauliza kwa nini la duka la pili ni rahisi zaidi, kisha gesi yake inatiwa wapi, na nani. Muuza mbolea mmoja alichoka akamwambia, "Mama Yazan, nunua au nenda, mimi si redio." Wadha akamwuliza redio yake aliinunua kiasi gani.

Yeye mwenyewe alikuwa muuzaji. Kila kondoo walipokuwa na maziwa alikamua, akagandisha, akasukasuka mtindi kwenye kiriba, akautia chumvi, akaufinyanga mabonge na kuyaanika juani hadi yakawa magumu kama jiwe. Hiyo ndiyo jamidi, na bila jamidi hakuna mansafu, ule wali wa nyama wa karamu, na bila mansafu watu wa Karak hawaozi wala hawaziki. Mteja akimwuliza kwa nini kilo ni dinari kumi na mbili, alimkalisha akamweleza tangu majani aliyokula kondoo, mpaka mteja akanunua ili aachiwe aende zake.

Mumewe, Mufleh, aliendesha lori la kuuza maji. Mtu anayeshinda karibu na pampu hujifunza kuitikia kwa kichwa hata asichokisikia, na kwa mwenye mke kama Wadha jambo hilo lilileta amani nyumbani. Walikuwa na watoto wawili: Yazan, aliyekuwa kazini bandarini Aqaba, na Ruba, ambaye mwaka huo alimaliza sekondari.

Ruba alifaulu vizuri sana. Siku ya matokeo magari yalipiga honi barabara nzima, na Haji Dhaifallah, kaka mkubwa wa Mufleh, akaja na sinia la kunafa, kitamutamu cha jibini na shira, linalobebwa na watu wawili. Haji alikuwa mtu mkarimu kwelikweli, hasa wa vitu vya watu wengine. Alimbusu binti kichwani mbele ya watu, akasema, "Karibu, daktari." Kule mfamasia naye huitwa daktari, na Haji alishakata shauri kwamba Ruba atasoma ufamasia. Kufika jioni hata mwuza mboga alikuwa akimwita daktari, na Ruba alikuwa akiangalia chini.

Nafasi zilipotangazwa, jina lake likatoka kwenye maabara za kitabibu, chuo kikuu cha upande wao wa kusini, kwa mpango wa kawaida. Nyumbani kwa Mufleh pakawa kama pana msiba. Haji alisema wamemdhulumu mtoto, ila dawa ipo, ataingia ufamasia uleule kwa mpango sambamba, alimradi watu watoe pesa.

"Sambamba na nini?" Wadha akauliza.

Hakuna aliyejua. Binamu mmoja aliyewahi kusoma hesabu alisema sambamba ni mistari miwili inayokwenda pamoja bila kukutana.

"Sasa mstari wa pili ni upi?"

"Mama Yazan," Haji alisema, "wewe utauza kondoo, basi. Mambo ya mistari tuachie sisi."

Wauze kondoo wote, hilo ndilo alilomaanisha, na hata wakiuzwa wote, muhula wa tatu ungewakuta hawana mtindi wala jamidi. Wadha alijua hivyo, na aliogopa. Na kulikuwa na jambo jingine. Kile kiti cha maabara kilikuwa na siku zake, kisipolipiwa hadi Alhamisi kabla ya ofisi kufungwa saa nane mchana, kinapotea. Haji akatoa amri asilipe mtu dinari hata moja huko, maana anayelipa amekubali kudhulumiwa. Badala yake wataenda kwa msajili wa chuo kwa desturi. Wataenda jaha.

Jaha ni kitu kizito. Wazee huvaa majoho wakaenda kwa mtu kumwombea msichana, au kuomba damu ya aliyeuawa isilipwe kwa damu. Mwenyeji huleta kahawa. Mkuu wa jaha huiweka chini bila kuigusa, akasema wamekuja na haja, na hawanywi mpaka wapewe. Mwenyeji akisema, "Kunyweni kahawa yenu," haja imekubaliwa. Akikataa, na kahawa ikapoa mbele yao, aibu inamfuata mpaka kwa wajukuu. Kumpelekea jaha ofisa wa serikali ili apunguze ada ya chuo, hilo hata wazee wenzake Haji walilitafuna kwanza kabla ya kulimeza. Lakini majoho walivaa.

Alhamisi ilipofika Wadha alipanda lori la maji pamoja na Ruba na Mufleh. Haji alipomwona akishuka chuoni alikunja uso.

"Shemeji, jaha haina wanawake."

"Mimi si jaha. Mimi nimebeba cheti cha mtoto."

"Cheti atabeba baba yake."

"Baba yake atakisahau juu ya pampu."

Mufleh akaitikia kwa kichwa. Ruba alisema yeye atabaki nje, akaketi kwenye ngazi na mkate wake wa ufuta.

Msajili, Bwana Ghassan, alikuwa mtu wa makamo mwenye tai iliyolegea na simu mbili zinazolia kwa zamu. Alipoona majoho sita yakiingia mlangoni mwake alisimama kama aliyechomwa sindano. Naye alikuwa mtoto wa watu, alizijua hizo nguo na alijua hazivaliwi kwa ajili ya kuuliza njia. Mhudumu akaleta kahawa ya hiliki kwenye vikombe vya karatasi, maana vikombe halisi vya ofisi vilishavunjika. Haji akakipokea chake kwa heshima zote, akakiweka mezani. Wazee wanne wengine wakaweka. Mufleh, ambaye chake kilishafika mdomoni, akameza mate na kukiweka pia.

"Bwana Ghassan," Haji alianza, "wewe ni mwana wa watu wakubwa. Tumekuja nyumbani kwako."

"Karibuni, Haji. Ila hapa ni ofisini."

"Ulipo ndipo nyumbani kwako. Binti yetu amenyimwa ufamasia wa kawaida. Tunataka aingie sambamba, na tunataka umhesabie bei ya kawaida. Kahawa yako hatunywi mpaka tupate neno."

Bwana Ghassan alikiangalia kile kikombe cha karatasi kama mtu anayeangalia nge mezani.

"Haji wangu, kunyweni kwanza, tutazungumza."

"Tukizungumza tutakunywa."

"Bei haiko mkononi mwangu. Iko kwenye mashine."

"Mashine ni ya nani?"

Simu zililia, hakuna aliyezigusa. Mvuke wa kahawa ulianza kupungua, na Bwana Ghassan akaanza kutoka jasho. Ndipo sauti ikatoka karibu na mlango.

"Samahani, mwanangu," Wadha alisema. "Hiyo sambamba, ni sambamba na nini?"

Msajili alimgeukia kwa shukrani za wazi. Walau swali moja analo jibu lake.

"Na mpango wa kawaida, mama. Serikali inagawa viti vya kawaida kwa alama. Chuo kinaongeza viti vyake pembeni, kinaviuza ghali zaidi kujaza mfuko wake. Hivyo ndivyo vya sambamba."

"Wanasoma chumba kingine?"

"Chumba kilekile."

"Mwalimu mwingine?"

"Yuleyule. Mtihani uleule. Cheti kilekile."

"Kumbe mistari inakutana," Wadha alisema. "Inakutana kwenye benchi. Na bei?"

"Tunauza kwa saa. Saa ya kawaida ya ufamasia ni dinari arobaini hivi. Ya sambamba, tisini."

Wadha alihesabu kwa jamidi, kama kawaida yake. Kilo tatu na ushei kwa saa moja, au kilo saba na nusu. Aliguna.

"Dinari tisini kwa saa moja ya kumsikiliza mtu anaongea? Mimi nitamsikilizaje mtu kwa kilo saba na nusu?"

Mzee mmoja akacheka ndani ya joho. Bwana Ghassan naye akatabasamu, akasogeza kiti.

"Si saa ya ukutani, mama. Ukilipia saa moja, maana yake unaketi saa moja kila wiki, muhula mzima. Ukizihesabu zinafika kumi na tano, kumi na sita."

"Oho. Basi si mbaya hivyo."

"Na za maabara, unafanya kazi kwa mikono saa mbili au tatu, zinahesabiwa moja."

"Kwa hiyo huko unapewa nyongeza."

"Unaweza kusema hivyo."

"Shemeji," Haji alisema kwa meno, "umeanza mambo ya sokoni kwako."

"Niache kidogo, shemeji, kahawa yenyewe bado ina joto. Mwanangu, na wasio nacho? Nasikia wizara inasaidia."

"Inasaidia. Kuna ruzuku, hiyo hairudishwi. Kuna mkopo, huo mtoto anaurudisha akishamaliza na kupata kazi. Watu wanavichanganya, wanaviita vyote msaada, halafu miaka ikipita wanashangaa wanadaiwa. Mnaomba wenyewe mwaka wa masomo ukianza. Wataangalia kipato cha nyumbani, mko wangapi, wangapi wanasoma chuo, na mnatoka wilaya gani, maana kila wilaya ina fungu lake."

"Lazima kupata?"

"Si lazima. Wanapanga kwa pointi. Mwenye hali ngumu na alama nzuri anatangulia."

"Na aliye sambamba, yeye ana pointi ngapi?"

"Hana. Wa sambamba haombi."

"Wala mkopo?"

"Wala mkopo, mama."

Wadha akajishika kiuno. "Hebu nielekeze, mimi ni mtu wa kondoo. Anayelipa kidogo anasaidiwa. Anayelipa nyingi hasaidiwi."

"Aliyeingia kwa sambamba amesema mwenyewe kwamba anao uwezo. Ndivyo anavyohesabiwa."

Wadha aliyaangalia yale majoho moja baada ya jingine, kisha akamwangalia shemeji yake.

"Basi sisi tumekuja hapa watu sita kuapa kwamba ni matajiri," alisema.

Mzee aliyecheka mara ya kwanza sasa alijifanya kukohoa. Haji alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini kikombe hakukigusa, na mtu wa jaha hanyanyuki kabla ya neno. Wadha akauliza la mwisho, je, kile kiti cha maabara bado kipo? Bwana Ghassan akabonyeza vitufe. Kipo, alisema, mpaka saa nane. Kikipita hicho, mwaka huu hakuna tena cha kawaida, na bila cha kawaida hakuna cha kuomba wizarani. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa saba.

Wadha akatoka. Alikuwa ameuliza yote kuhusu bei ya ufamasia, na kuhusu maabara hakujua hata watu hufanya nini humo. Ruba alikuwa palepale kwenye ngazi, ufuta kwenye sketi.

"Mama," alimwambia bintiye, kwa namna ambayo kule mzazi humwita mtoto kwa jina analoitwa yeye mzazi, "hiyo maabara waliyokupa, ungeweza kuivumilia?"

Ruba alimtazama kama anayepima kina cha maji.

"Niliiweka ya kwanza."

"Ya kwanza wapi?"

"Kwenye machaguo yangu. Maabara ya kwanza. Ufamasia niliuweka wa tatu, na ningeupata, tena wa kawaida. Alama zilifika."

Wadha akaketi bila kutafuta pa kuketi. "Baba yako alikwambia uuweke juu."

"Na mimi nikamwambia baba nataka maabara. Akaitikia."

"Lini alikuitikia?"

"Siku tunamjazia tangi mwalimu Atallah."

"Pampu inawaka?"

Ruba akafuta ufuta. "Inawaka."

Wadha akacheka mpaka akashika mbavu, walinzi wa geti wakageuka. Alimkasirikia mtoto na akamwonea fahari papo hapo, hakujua aanze na lipi. Akauliza, "Na kwa nini maabara?"

"Ni habari ndefu, mama. Saa nane inafika."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Wadha aliacha swali njiani. Alirudi ofisini mbio, akasema yote mbele ya watu, kwamba mtoto hakunyimwa kitu, ameomba maabara mwenyewe na amepewa. Macho yote yakamwendea Mufleh.

"Ulimkubalia?" Haji aliuliza.

Mufleh alifikiri. "Alisema kitu. Mimi nilijua anasema mpira wa maji umejikunja."

Hata waliojikaza wakashindwa. Haji peke yake hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kuliko alivyozoea, "Nimewaambia watu wote daktari," na kwa kweli alitia huruma, mzee wa watu, na joho lake la sherehe, amekwama mbele ya kikombe cha karatasi.

Bwana Ghassan akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Haji," alisema, "jaha yenu haitoki kwangu mikono mitupu. Kiti cha maabara cha binti yenu nakipokea kwenye dhamana yangu. Nashuka naye mimi mwenyewe mpaka dirisha la fedha, na halifungwi kabla hajalipa. Kunyweni kahawa yenu."

Alikuwa anampa kilichokuwa chake tangu zamani. Haji alilijua hilo, lakini kilitolewa vizuri, kwa maneno yenyewe, na wanaume hao wawili walitazamana wakaelewana. Akainua kikombe, akanywa ile kahawa baridi mpaka chini. Wengine wakanywa. Mufleh akaomba ya pili, ya moto.

Dirishani palikuwa na foleni. Msajili aliongea na karani, akarudi kwenye simu zake, na Wadha akasimama na Ruba nyuma ya watu wachache. Pesa za muhula wa kwanza zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa kifuani, amezileta kimyakimya tangu nyumbani, maana hakuwahi kumwamini Haji kiasi hicho.

"Haya," alisema. "Kwa nini maabara? Mimi sitoi pesa bila kujua ninanunua nini."

"Unakumbuka nilivyougua, darasa la tatu?"

Wadha alikumbuka. Homa iliyokuja kila jioni na kuondoka asubuhi, jasho la kulowanisha godoro, mtoto analia magoti. Kisha vipimo hospitalini, vidonge vya wiki nyingi, na Mufleh, aliyeitwa na daktari pembeni, akirudi na maneno mawili, "Homa tu." Tangu mwezi ule Wadha aliyachemsha maziwa kabla ya kutengeneza jibini, ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Yeye aliyeuliza bei ya majokofu ya watu, hapo hakuuliza kitu. Aliogopa jibu.

"Yule mama wa maabara nilimwuliza anafanya nini," Ruba alisema. "Nilimsumbua sana. Akaacha kazi akanionyesha damu yangu."

Foleni ikasogea. Wadha akasogea nayo.

"Ilitoka kwenye maziwa yangu?"

"Ndiyo, mama." Ruba hakuzunguka. "Jibini bichi. Kondoo walikuwa nayo. Aliniambia mimi, na mimi nikaogopa kukwambia, maana ungelia."

Na kweli machozi yalikuwa yanamtoka Wadha, pale mbele ya wanafunzi na wazazi wao, na hakuyafuta. Iliuma kama alivyojua kwamba itauma. Lakini chini ya maumivu yale lilikuwapo lile jambo lake la siku zote, ambalo halikujua adabu wala wakati.

"Inaonekanaje?" aliuliza.

"Anatia tone la maji ya damu kwenye kibao cheupe, na tone la dawa ya rangi ya waridi. Anakitikisa taratibu. Kama mtu ni mzima, linabaki laini. Kama anao ugonjwa, linakatika, linafanya chengachenga. Kama maziwa."

Kuhusu maziwa yanavyokatika hakukuwa na mtu wa kumweleza Wadha. Mwenye zamu aliyekuwa mbele yao akaondoka, na karani akanyoosha mkono kuomba cheti. Wadha alikuwa bado amemgeukia bintiye.

"Na ukishaona limekatika, kazi yako ni nini?"

"Kumwambia mama wa mtoto," Ruba alisema.

Wadha akafungua kitambaa, akalipa.